Siku Nne za Mama

Harufu ya pareto inayokauka haifanani na ya ua lingine lolote. Ni kali, ina uchungu unaoingia puani na kukaa huko, na ukilala chumba kimoja na magunia yake unaamka na kichwa kizito. Sisi tulilala nayo. Katika miaka ile ya mwisho ya sitini nyumba yetu ya Nyansiongo ilikuwa na vyumba viwili, na mvua ilipotishia, maua yote yaliyoanikwa uani yaliingizwa ndani na kutandazwa kwenye mikeka hadi miguuni pa kitanda chetu. Wadogo zangu walilalamika. Mimi niliyekuwa na miaka kumi, na niliyejiona mtu mzima, niliwaambia wanyamaze, kwa kuwa maua hayo ndiyo yaliyokuwa yakitununulia ardhi tuliyolala juu yake.

Kabla ya uhuru lile shamba lilikuwa la mzungu. Serikali ilipoligawa kwa mkopo, Tata, ndivyo tunavyomwita baba kwa Kigusii, alipata kipande chenye mteremko mzuri, kijito chini yake, na ng'ombe wawili wa gredi ambao nao walikuwa ndani ya deni. Malipo yalikuwa ya kila nusu mwaka, kwa miaka mingi kiasi kwamba majirani waliitaja wakicheka, maana waliona kwamba itakapokwisha hawatakuwa na meno. Tata hakucheka. Ujanani alikuwa amemkamulia mzungu yule yule, katika zizi lile lile, na alimwona babu akipewa wiki moja abomoe kibanda chake na kuondoka kwa sababu mwenye shamba alitaka malisho zaidi. Alituambia kisa hicho mara nyingi, na kila mara alikimaliza kwa namna moja: mzungu alikuwa na karatasi, babu hakuwa nayo. Akaapa kwamba ataipata karatasi yake kabla sijamaliza shule, potelea mbali miaka waliyomwandikia.

Basi tukaanza kujibana. Sukari ndiyo iliyotangulia kutoka. Tata alikuwa na utani hata katika kunyima. Alisema sukari ni mgeni wa heshima na haifai kuisumbua kila siku, kwa hiyo tuliiona Sabato asubuhi tu, kijiko kimoja, tukakoroga polepole ili tusiimalize haraka. Maziwa yote yalikwenda kuuzwa kituoni alfajiri, na sisi wenye ng'ombe wa gredi tukanywa turungi, chai nyeusi ambayo mwanzoni ilinikunjisha uso na baadaye nikaizoea hata nikawacheka wasioiweza. Koroboi iliwashwa wakati wa kula, ikazimwa tukiwa bado tunalamba vidole. Mche wa sabuni ulikatwa kwa uzi vipande sita, na kila kipande kilikuwa na wiki yake. Viatu vyangu vya shule viligeuzwa kuwa vya kanisani, shuleni nikaenda miguu mitupu katika baridi ya kwetu Borabu, ile inayofanya umande uwe kama maji ya kisimani. Tata hakujihurumia yeye mwenyewe. Siku za malipo alikwenda kwa miguu na kurudi kwa miguu, basi likimpita kwenda na kurudi, akaingia nyumbani jioni na viatu mkononi ili soli zisilike.

Sitaki msomaji adhani tuliteseka. Tulikula tukashiba ugali wa wimbi, mboga za chinsaga na ndizi, na kulikuwa na raha fulani katika kujua kwamba nyumba nzima inavuta upande mmoja. Nilijivunia sana. Nilipowaona watoto wa jirani wakinunua mandazi sokoni niliwaonea huruma, nikijiambia kwamba wazazi wao hawana akili ya kesho.

Mama alikuwa na lake. Yeye alitoka upande wa Kebirigo, katika ukoo mkubwa ambamo ukipiga chafya watatu wanakuuliza kama unaumwa. Nyansiongo hakumjua mtu. Watu walikuwa wameletwa kutoka pembe zote za Gusii, koo tofauti, kila mmoja ndani ya seng'enge yake na deni lake, na mwaka wa kwanza, alivyotuambia mwenyewe, aliongea zaidi na ng'ombe kuliko na binadamu. Kilichomtoa katika upweke huo kilikuwa egesangio. Wanawake watano wanapalilia shamba la mmoja leo, kesho la mwingine, hadi wote wamefikiwa. Hakuna anayelipwa. Mwenye shamba anapika, na siku aliyofanyiwa anairudisha kwa siku yake, kwa mgongo na jembe lake, wala hairudishi kwa kitu kingine. Aliyelianzisha kundi lao ni Mama Nyanchama, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, mwanamke mrefu, mchache wa maneno, ambaye akisema neno moja wenzake wanaangua kicheko hadi jioni. Siku za egesangio Mama alirudi na sauti iliyokauka kwa kuimba. Alikuwa akipika huku akicheka peke yake, nasi tukimuuliza anacheka nini, anasema hamwezi kuelewa.

Msimu ninaoukumbuka, mahindi yetu ndiyo yaliyotangulia kuota, kwa hiyo kundi lilianza kwetu. Waliinama tangu umande haujakauka, na saa sita Mama akawapa ugali, mboga, na chai ya maziwa yenye sukari. Jioni Tata alitikisa mkebe wa maziwa akasikia ulivyo mwepesi. Hakupaza sauti, hakuwa mtu wa kupaza sauti. Alisema tu, akimwita kwa jina langu, "Mama Kwamboka, hawa wanawake wanakunywa shamba."

Mama alimjibu kwamba hawezi kuwapa turungi watu walioinama kwenye mahindi yake siku nzima. Tata alichukua kijiti, akachuchumaa uani, akawa anachora mavumbini, anafuta, anachora tena. Nilimjua, alikuwa anapiga hesabu, na hesabu ya Tata ilikuwa na tabia ya kumpeleka mbali.

Wiki iliyofuata pareto ilichanua yote kwa pamoja na siku ya malipo ilikuwa imekaribia. Mama alikuwa anadaiwa siku nne, moja kwa kila mwenzake. Asubuhi ya siku moja kabla ya kuanza kulilipa deni hilo, Tata alimwomba achume pareto kwanza, kwa kuwa kesho ataanza kwenda kwa wenzake, naye akakubali akapanda juu shambani na kikapu chake. Mara tu alipotoweka, Tata akaniita. Alinifungia shilingi nane katika pindo la leso, akanieleza: shilingi mbili kwa kila mwanamke, na niseme Mama anashukuru na siku zake zimelipwa. Kibarua wakati huo hakupata shilingi mbili kwa siku, naye alijua. Aliona amewatendea ukarimu, amempunguzia mkewe kazi, na zaidi ya yote ameondoa deni jingine nyumbani kwake, maana deni la aina yoyote lilimwasha mwilini. Alifurahi. Nakumbuka hata alinipapasa kichwa.

Mwanamke wa kwanza alizitazama zile shilingi akacheka, akidhani nimetumwa dukani nikapotea njia. Nilipomweleza aliacha kucheka, akazipokea kwa mkono mmoja. Wa pili alizifunga katika leso yake akarudi jikoni. Wa tatu hakuwepo, nikamwachia mama mkwe wake. Nilifika kwa Mama Nyanchama mwisho, jua likiwa juu, naye akaniketisha na kunipa kikombe cha chai nzito ya maziwa, tamu hadi meno yakauma. Aliniacha ninywe hadi nusu ndipo akauliza nina habari gani. Nikafungua pindo, nikaweka shilingi mbili mezani, nikasema maneno niliyopewa.

Alizitazama bila kuzigusa.

"Nani amekutuma, mwanangu?" aliuliza. "Ni baba yako au ni mama yako?"

Nilikuwa mtoto niliyefunzwa kutotoa nje mambo ya ndani. Tena niliona, bila kujua kwa nini, kwamba nikimtaja Tata nitamwaibisha. Maneno aliyonipa yalimtaja Mama, nikayashikilia.

"Ni Mama."

"Haya," alisema. "Mwambie tumelipana."

Tata mwenyewe ndiye aliyemweleza Mama, wakati wa chakula cha jioni, kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi. Mama aliweka mwiko chini. Aliniuliza kama nimewafikia wote wanne, nikasema ndiyo. Akajitanda leso, akatoka, nami nilimwona kupitia mlangoni akishuka kijitoni kuelekea kwa Mama Nyanchama wakati bado kuna mwanga wa kuona njia. Alirudi kabla ugali haujapoa kabisa, akala, akaosha vyombo. Nilingoja kuchapwa. Sikuchapwa, na sikuulizwa lolote, jambo ambalo lilinitisha kuliko fimbo.

Hakuna ugomvi uliotokea. Wale wanawake walipita kwenye njia yetu na majembe begani, wakamsalimu Mama vizuri, "Bwakire," naye akaitikia, wakaenda zao. Hawakumwita. Mwanamke mwingine aliyehamia karibu alichukua nafasi yake, na kutoka kwetu tuliwasikia wakiimba upande wa pili wa seng'enge. Mama alipalilia peke yake msimu huo, na uliofuata, na miaka mingine miwili baada ya hapo, nasi mabinti tukimsaidia baada ya shule. Alifanya kazi vizuri tu. Mwanzoni aliimba kidogo, kisha akaacha, na sikumbuki ni lini hasa.

Karatasi ilikuja mwanzoni mwa miaka ya sabini, nikiwa ningali shuleni, kama alivyoapa. Tata aliniambia nimsomee kwa sauti, jina lake na namba ya kipande, kisha nisome tena. Alilia, na sikuwa nimewahi kumwona akilia. Mbuzi akachinjwa, majirani wakaitwa, na wale wanawake wanne walikuja, wakala, wakasaidia kuosha sufuria kama wageni wenye adabu, wakaondoka jua likiwa bado juu. Tata alimtilia Mama sukari kwenye chai kwa mkono wake mwenyewe, vijiko vitatu. Mama akainywa yote. Nilimpenda sana baba yangu siku hiyo, na nampenda hadi leo. Hakuna aliyewahi kuja kutuambia tubomoe tuondoke, na yeye mwenyewe tumemzika pale pale, katika ardhi isiyodaiwa na mtu.

Sasa mimi ni mwalimu niliyebakiza miaka michache kustaafu, na nimejenga Mosocho kwa mkopo wa benki. Damu ya Tata iko ndani yangu. Nimepania kuumaliza kabla ya wakati, kwa hiyo nyama imekuwa ya mwisho wa mwezi, nguo ni zile za zamani, na safari za Nyansiongo, zinazokula nauli na siku nzima, nilizipunguza, kisha nikazipunguza tena. Badala yake namtumia Mama pesa kwa simu. Shamba lake hupaliliwa na vibarua wanaolipwa jioni kwa simu hiyo hiyo, kila mtu akaenda kwake, na aliniambia siku moja kwamba hata majina yao hayajui. Zamani mtu aliweza kukosa pesa mwaka mzima na bado akapaliliwa mahindi. Leo pesa zipo kidogo, na kila jambo linamalizika siku hiyo hiyo.

Likizo ya Agosti iliyopita nilikwenda. Nilimkuta ameketi mlangoni kwenye kigoda, mdogo kuliko nilivyomwacha. Sijui ni nini kilichonifungua mdomo baada ya miaka yote hiyo, labda ni kuona jinsi alivyokinga macho kwa kiganja ili anitambue. Nilimwambia kwamba siku ile kwa Mama Nyanchama niliulizwa ni nani aliyenituma, nami nikamtaja yeye.

"Najua," alisema. "Aliniambia jioni ile ile. Nilikwenda kumweleza kwamba sikuwa na habari, na kabla sijafungua mdomo akaniuliza kama mtoto amesema kweli."

Nilimuuliza alijibu nini.

"Nilisema ndiyo, ni mimi niliyemtuma. Ningekana, ungekuwa mwongo mbele ya watu ukiwa na miaka kumi. Na baba yako angekuwa mtu anayemzunguka mke wake. Nilifikiri nitapata kundi lingine."

Hakulipata. Tulijua wote wawili. Aibu ilinijaa, na kama mtoto wa Tata nilivyo, nikatafuta cha kulipa. Nikamwambia kwamba kuanzia mwezi ujao nitamwongezea pesa ninazomtumia.

"Pesa hufika, Kwamboka," alisema. "Wewe ndiye hufiki."

Nilikuwa nimepanga kurudi Mosocho alasiri hiyo. Nilimpigia mume wangu simu nikamwambia asinisubiri, nikaingia ndani kutafuta kigoda cha pili.