Mwisho wa Kila Sentensi

Tulisomea katika stoo ya mabeseni, ghorofa ya kwanza, kwenye mtaa mmoja wa Kariakoo. Nilizaliwa nyumba nne kutoka hapo. Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba vinane na korido moja, na wapangaji wote walichota maji kwenye bomba moja uani. Sasa ni jengo la maduka ya vitenge, na mpaka leo sijapanda kufika juu.

Nimezunguka sana. Tanga, Arusha, Lusaka, kisha miaka minne Muscat nikilea watoto wa watu. Nilipokuwa mbali niliuota mtaa huu, na kila niliporudi nilikuta umepungukiwa na kitu, nikaanza tena kutafuta pa kwenda. Safari hii nilirudi sina kazi. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na Kiingereza nilichokiokota jikoni kwa waajiri. Mwenye stoo, Mchaga mmoja mpole aliyesoma na kaka yangu, akaniambia, "Dada, jioni pale juu hapana shughuli. Fundisha watoto Kiingereza. Mama zao wanahangaika kutafuta tuisheni."

Wakaja watoto zaidi ya ishirini, wakakaa juu ya mabeseni yaliyopinduliwa.

Hadithi niliyowafundisha niliijua yote kichwani, maana kule Muscat niliwasomea watoto wa mwajiri kila siku kabla hawajalala. Mama mbuzi anawaacha watoto wake saba nyumbani na kuwakanya wasimfungulie mtu mlango. Mbwa mwitu anakuja kubisha, ameigiza sauti ya mama na kujipaka unga miguuni. Kitabuni mama mbuzi alikwenda msituni. Mimi nilimpeleka sokoni, kwa kuwa mama zao wengi walikuwa sokoni saa hiyo.

"Ticha, mbwa mwitu ndiyo kama yule mbwa wa godauni?" akauliza mmoja.

"Yule kazeeka, hana hata meno," mwenzake akamkata. "Huyu anakula watu."

"Anakula mbuzi, we! Hujasikiliza."

Binti wa miaka minane aliyekaa mbele akanyoosha kidole. "Sasa ticha, majirani walikuwa wapi?"

"Hawakuwa na majirani. Nyumba yao ilikuwa peke yake."

"Basi na yule mama naye! Unaachaje watoto mahali huna jirani?"

Wakacheka, na mimi nikacheka, huku nikiikumbuka korido yetu. Pale mtu mwenye sauti ngeni asingefika hata mlango wa pili kabla hajaulizwa anamtafuta nani.

Binti huyo ndiye aliyekuwa na jambo kubwa mbele yake. Mama yake alifanya usafi kwenye fleti moja Upanga, kwa bibi mmoja wa Kihindi aliyefahamiana na mwalimu mkuu wa shule ya kulipia iliyo jirani. Bibi alimwombea mtoto nafasi, na shule ikakubali kumpokea bila ada, kwa sharti moja: aende ofisini akasimulie hadithi yoyote kwa Kiingereza, ili wajue kama ataweza kufuata masomo. Alikuwa anakaribia kuingia darasa la tatu, na baada ya darasa hilo hawakupokea mtoto kutoka shule za Kiswahili. Asipopita mwaka ule, ndiyo basi.

"Ticha, nakukabidhi," mama yake aliniambia akiwa amesimama mlangoni na kapu lake, miguu imevimba. "Mimi Kiingereza najua 'yes madam' tu. Huyu asije akafagia kama mimi."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, na sikuwa namdanganya. Binti alikuwa mwepesi kuliko wote.

Chini ya dirisha letu alisimama muuza viatu mwenye spika iliyorudia maneno yale yale kutwa nzima, na makuli wa mikokoteni wakipiga miluzi watu wapishe. Sauti ya mtoto mmoja haikusikika humo ndani. Kwa hiyo nilifundisha kama nilivyofundishwa mimi: mwalimu anaanza sentensi, darasa zima linamalizia.

"Mother goat went to the…"

"Market!"

"The wolf came to the…"

"Door!"

Walipopiga kelele pamoja, hata spika ya viatu ilimezwa. Wapita njia walitazama juu na kutabasamu. Binti alikuwa wa kwanza kila mara, neno limeshamtoka kabla sijafunga mdomo. Tuliirudia hadithi ile wiki sita, na nilikwenda zangu kulala nimeridhika.

Siku ya usaili nilimpeleka mimi, kwa sababu mama yake hakuruhusiwa kuacha kazi mapema. Alivaa gauni la sikukuu. Ofisi ya mwalimu mkuu ilikuwa na kiyoyozi, zulia, na ukimya ambao sikuwa nimeuzoea tena. Mwalimu mkuu alikuwa mama wa makamo, mwenye sura ya upole. Binti akamwamkia, "Shikamoo," naye akaitikia marahaba, kisha akamwambia kwa Kiingereza asimulie hadithi yake, asiogope.

Binti akageuka, akanitazama. Alikuwa anatabasamu.

Nilidhani ana haya. Mwalimu mkuu akamsihi tena. Binti akaendelea kunitazama, ameinua kidevu kidogo, kama anavyokaa darasani. Hapo ndipo nikaelewa. Alikuwa ananisubiri nianze.

Nikafungua mdomo. "Mother goat…"

"Hapana, mwalimu," mama yule akasema taratibu. "Mwache mtoto mwenyewe."

Binti alitutazama wote wawili. Akafikiri. Kisha akasema kwa sauti safi, "Market."

Akanyamaza kidogo, muda ule ule ambao mimi ningeutumia kusema sehemu yangu. "Door," akasema. Akanyamaza tena. "Voice." Akaniachia nafasi. "Flour." Alikwenda hivyo mpaka mwisho wa hadithi, neno moja moja, hakuruka hata moja, na kwenye kila kimya niliisikia sentensi yangu kichwani, nimekaa mikono imebana mkoba. Alipomaliza akapiga goti kidogo kwa adabu.

Mwalimu mkuu alimuuliza maswali mawili mepesi. Binti alingoja mtu amwanzishie majibu. Mwalimu akaandika kitu, akatushukuru.

Mama yake alikuwa ameiba dakika chache, anatusubiri getini. "Vipi, mwanangu, umesema?"

"Nimesema yote, mama. Sijakosea hata moja. Muulize ticha."

"Hajakosea," nikasema.

Jioni zilizofuata nilijaribu kubadili. Nilimwita mbele, nikamwambia aanze yeye, sisi tutamalizia. Alisimama akinitazama, spika ya viatu inapiga kelele chini. Wenzake wakaanza kumzomea, "Anza basi! Si wewe ndiye wa Upanga?" Akarudi kukaa kwenye beseni lake akilia. Sikumwita tena.

Baada ya wiki jibu likaletwa na bibi wa Upanga: shule inasikitika, mtoto bado hajawa tayari. Mama yake akaja stoo na karatasi ile ameikunja mara nne. Watoto walikuwa wameshaondoka.

"Ticha, niambie ukweli. Kwani aliharibu wapi?"

Nilikuwa na wakati wa kutosha wa kusema. Hata chini palikuwa pametulia kidogo, muuza viatu anafunga turubai lake. Ningeweza kumwambia kwamba mtoto wake nilimfundisha nusu, na nusu nyingine nilikaa nayo mimi.

"Hakuharibu," nikasema. "Unawajua hao. Nafasi zao wanapeana wenyewe kwa wenyewe."

Akatikisa kichwa polepole. "Nilijua tu. Sisi si watu wao." Akaitia karatasi kapuni, akatoa bakuli la wali lililofunikwa na kuniwekea juu ya beseni. "Nilikupikia tangu asubuhi, nilidhani tutafurahi. Kula tu, ticha. Wewe umefanya yako."

Alipofika ngazini akageuka. "Ana mdogo wake, ametimiza miaka mitano. Huyo nakuletea mapema, uanze naye akiwa mbichi kabisa."

Nikamwambia amlete.