Majirani wa Kwenye Filimu Hawatoki

Enzi zetu, muntu akipiga yowe, sombe, majani yetu ya muhogo, iliachwa kwenye kinu nusu imetwangwa. Ninyi mliokulia kando ya ziwa hapa Kalemie, miaka ile ya redio moja kwa avenue nzima, mnajua ninachosema. Kwa hiyo wajukuu wakinikalisha mbele ya filimu zao za kuuana, mimi sicheki nao. Nagombana na televisheni.

Jumapili, baada ya misa, mjukuu wangu Chantal aliweka moja. Msichana yuko peke yake nyumbani, anasikia kitu kinagongagonga. Anafanya nini? Anakwenda kutazama, bila viatu, huku anauliza, "Nani huko?" Eti muuaji ajibu, "Ndiyo, njo mimi, karibu"! Kisha msichana anakimbia mbio zote, muuaji anatembea polepole kama papa, baba mzee wa watu, anayetoka kanisani, na bado anamfikia. Msichana anaanguka mahali pasipo hata jiwe. Anampiga mwanaume kwa chuma, mwanaume analala chini, na yeye anatupa chuma!

"Okota, wee mutoto!" nikapiga kelele.

"Nkambo, acha, ni filimu tu," Chantal akacheka.

Hayo yote ningeyasamehe. Lisilonipita kooni ni hili: analia filimu nzima, nyumba zimepangana kulia na kushoto, taa zinawaka, na hakuna hata mlango mmoja unaofunguka. Hapo mtungaji ametudanganya.

Nakumbuka kwetu, karibu na reli. Mama yangu alitwanga pamoja na Mama Kisimba na Mama Asani wa Kigoma. Sisi watoto tulicheza kujificha katikati ya ndagala, dagaa wa ziwa letu, zilizoanikwa mchangani, harufu ikatuingia mpaka kwenye nywele. Feza, binti wa Mama Kisimba, alikuwa na hila yake: akichoka kututafuta, anapiga yowe la uongo, tunatoka mbio, anatushika akicheka. Mama alitukataza: "Yowe si mchezo. Siku ya kweli, nani atakuja?"

Siku ya kweli ikaja, saa nne asubuhi. Mwanaume mmoja aliyelewa lutuku, panga mkononi, alimkimbiza Feza. Jina lake nalijua, na la baba yake. Ila wajukuu wake wako hai, nitalinyamazia. Feza alipiga yowe. Mimi nilikuwa nimejificha mchezoni nyuma ya mtumbwi uliopinduliwa, nikasema moyoni: leo hunipati. Yowe la pili, nikaziba mdomo nisicheke.

Mama zetu hawakuuliza kama ni kweli. Walijibu yowe kwa yowe, ndiyo desturi, ili anayekimbizwa ajue upande wa kukimbilia. Wakaja na michi yenye majani ya sombe. Feza hakuanguka, alifuata sauti zao. Panga lilikuwa limeshampata begani. Mama Asani akampiga yule mwanaume mkononi, panga likaanguka, na mama yangu akaliokota palepale. Wakamfunga kwa kamba ya wavu mpaka pombe ikamtoka.

Na mimi njo nilikuwa karibu kuliko wote. Hatua ishirini. Feza aliniuliza mara moja tu, bega limefungwa kitambaa: "Ulikuwa wapi?" Mama hakunichapa. Alisema, "Ukisikia yowe, kimbia kwanza. Kama ni uongo, utakasirika ukiisha kumuona muzima."

Leo kuta zimepanda, juu vipande vya chupa. Ndani, vijana wameziba masikio kwa muziki, na kilio cha kufa wanakichekea wakitafuna karanga. Sisi wa rika langu tusikae kusikitika tu. Nilizima televisheni, nikamuuliza Chantal nani anakaa nyuma ya ukuta wetu.

"Mama fulani, Nkambo. Jina sijui."

Miaka sita, ukuta mmoja! Nikafunga kitenge, nikamshika mkono, tukaanza kugonga mlango kwa mlango, aseme jina lake na apewe la mwenzake. Alinuna. Nikamwambia anune, lakini agonge. Tumefikisha nyumba kumi na moja; zimebaki za upande wa ziwa. Zamani hakuna aliyetufundisha majina ya majirani, tuliyanyonya na maziwa. Sasa inabidi kuyafuata kwa miguu, na kesho, magoti yakubali au yakatae, tunaendelea.