Fundi mwenye alipoza moteur na kipande ya muti

Bandugu, bajinga hawaishi!

Leo asubuhi, hapa Butembo, fundi mumoja amevunja sonde, ile inapima moto ya moteur, ku gari ya zamani ya baba yangu.

Akaziba tundu yenye ilibakia na kipande ya muti ya eucalyptus!

Sindano ya kipimo ya moto, pale mbele ya shofere, ikalala chini.

«Unaona, patron? Moteur imepoa.»

Nami, mujinga wa pili, nikaondoka.

Mu mupando ya kuenda Lubero, muti ikaruka, maji ya moto ikamwangika yote, mvuke kila fasi. Nikamupigia fundi simu, akauliza:

«Sindano iko wapi?»

«Iko chini!»

«Basi haijachemka, patron. Endelea.»

Endelea!

Ule mutu, mutoto wake akipata homa, anavunja thermomètre na anamutuma ku masomo.