Kaseti Iliyokataliwa Birikani

Watu wa Voi wa umri fulani bado humwita Munir wa Kaseti, ingawa duka lenyewe lilifungwa zamani na mahali pake sasa panauzwa makava ya simu. Enzi hizo lilitazamana na stesheni ya zamani, chumba kimoja chenye harufu ya plastiki mpya na vumbi jekundu. Wanafunzi walishuka kutoka milimani kuja kurekodiwa nyimbo. Madereva wa malori waliacha kaseti tupu wakielekea Mombasa, wakazichukua zimejaa wakirudi. Na palipokuwa na harusi, Munir alijitwika teprekoda yake begani akaenda kuinasa.

Kaseti zote alihama nazo. Zilikaa kwenye makasha chini ya kitanda miaka mingi, mpaka binti yake, Mwanaesha, alipokuja likizo akazihamisha moja moja, akazitia ndani ya kompyuta ndogo isiyozidi kipande cha sabuni. Kompyuta hiyo haikuwa na kioo wala vibonye. Kazi yake ilikuwa kuhifadhi muziki na kuupiga. Munir alichagua wimbo kwenye simu yake, na sauti ikatokea kwenye spika zake za mbao, zile zile za dukani.

Ilitokea, lakini haikumridhisha. Besi ilikuwa nyembamba, na nyuma ya kila wimbo palikuwa na mvumo kama nyuki ndani ya chupa.

"Ni uzee wa kaseti," mkewe Khairat alimwambia. "Na wa masikio."

Munir hakukubali. Alimwita rafiki yake Kasyoki, fundi wa redio aliyejuana naye tangu wote wawili wakiwa na nywele nyeusi. Kasyoki aliinamisha sikio kwenye spika, akaupapasa waya uliotoka kwenye kompyuta.

"Hii kompyuta iko sawa," alisema. "Shida ni pale inatolea sauti. Ndani yake wimbo ni namba tu. Lazima kitu kigeuze hizo namba ziwe sauti, na hicho chake ni kidogo, tena kimebanwa katikati ya stima nyingi. Hiyo kazi tuitoe nje."

Baada ya siku chache alileta kigeuzi, kiboksi cheusi cha chuma kinachotosha kiganjani. Akakichomeka kwenye kompyuta kwa waya mmoja, na kwa nyaya nyingine mbili, nyekundu na nyeupe, akakiunga na amplifaya. Wakakaa. Kimya. Hata ule mvumo haukuwepo.

"Umeniulia kompyuta, Kasyoki."

"Ngoja, mzee. Bado inapeleka wimbo kwa ile njia ya zamani. Haijaambiwa."

Alifungua ukurasa wa mipangilio kwenye simu ya Munir, akachagua kigeuzi. Sauti ikaja, ikakatika, ikaja tena. Kasyoki akaing'oa chaja ya simu iliyokuwa ikiilisha kompyuta, akaweka nyingine yenye nguvu zaidi. Safari hii wimbo ulitoka ukatulia, na Munir akasikia kidole cha mpiga gitaa kikiteleza juu ya waya. Alikuwa amesahau kwamba kitu kama hicho kiliwahi kusikika.

Kasyoki alipoondoka, Munir aliendelea peke yake mchana kutwa, akirukia wimbo huu na ule, hadi akaifikia harusi ya mtaa wa Birikani.

Harusi hiyo aliijua vizuri, maana ndiyo iliyomwaibisha. Alikuwa bado kijana, na waya wa maikrofoni yake haukufika uani walikokuwa wapigaji. Akaitundika kwenye dirisha lililoelekea jikoni. Baba wa bwana harusi aliposikia kaseti aliirudisha siku hiyo hiyo. "Nimekuita uninasie tarabu," alisema, "wewe umeninasia masufuria!" Bibi harusi alikuwa dada mkubwa wa Khairat. Khairat mwenyewe wakati huo alikuwa msichana tu, na Munir hakumjua hata jina.

Sasa tarabu ilikuwa mbali, lakini haikuwa imezama. Ilikaa mahali pake, nyuma kabisa, na mbele yake jiko lote likafunguka: mwiko ukigonga sufuria, maji yakimiminwa, wanawake wakicheka. Hapo akasikika mwanamke mmoja, sauti nzito isiyo na haraka.

"Khairat! Chumvi umetia?"

"Nimetia, mama," Khairat alijibu kutoka jikoni kwake.

Kisha kitu kikaanguka huko. Khairat alitokea mlangoni, mikono imejaa unga, akaitazama spika ya kushoto.

"Baba Mwanaesha," alisema polepole, "nani amesema hivyo?"

Bi Mwanaesha, mama yake Khairat, alifariki kabla mjukuu aliyepewa jina lake hajazaliwa. Aliacha picha mbili na leso. Sauti yake hakuna aliyedhani imebaki popote. Khairat aliketi sakafuni na unga wake, na Munir akairudisha sauti ile nyuma kwenye simu bila kuambiwa.

Siku ya pili dada mtu alifika kutoka Taveta, na mkungu wa ndizi kama kawaida yake. Walimkalisha kwenye kiti katikati ya spika mbili. Aliposikia habari ya chumvi alicheka mpaka akajifuta macho.

"Mama alikuwa mkali, wee! Siku ile mimi nalia, yeye jicho kavu. Nilisema moyoni, huyu kafurahi kunitoa nyumbani."

Kaseti ikaendelea. Nyimbo mbili zikapita. Kwa sauti zilivyosikika, wanawake walikuwa wamekwisha kutoka kwenda kumtazama bibi harusi, na jikoni pamebaki watu wawili. Mmoja akauliza kitu kisichosikika. Bi Mwanaesha akajibu chini chini, karibu kabisa na dirisha.

"Niache kidogo, mwenzangu. Nikitoka sasa nitamliza mwanangu mbele za watu. Nyumba itanishinda bila yeye."

Mtu akapenga kamasi, kisha mwiko ukarudi kwenye sufuria.

Dada mtu alivuta ukingo wa mtandio, akajifunika uso, na Khairat akaja kumshika mabega. Munir alitaka kuzima, lakini mkono wa dada uliinuka kumkataza. Walisikiliza mpaka upande wa kaseti ukaisha.

Jioni, kabla hajaondoka, aliomba sauti ile aende nayo. Munir akamtilia kwenye simu. Akaijaribu pale pale mlangoni, akakunja uso.

"Hapa mama yuko ndani ya mkebe, shemeji. Pale kwako alikuwa chumbani."

Mwezi uliofuata Munir na Kasyoki walipanda gari kwenda Taveta kumfungia dada mtu spika, kila mmoja na mfuko wa nyaya mapajani. Njiani walibishana spika hukaa vizuri zaidi kwenye ukuta gani, wa matofali au wa udongo, na hawakuwa wamekubaliana walipoanza kuiona migomba.