Mlango wa Banda la Gari

Springi ya mlango ilikatika Jumatano asubuhi nikiwa uani nasuuza vyombo. Ilitoa mlio mmoja tu, lakini ulikuwa mlio wa bunduki. Jirani yangu anayeuza maandazi alijitupa chini nyuma ya meza yake akidhani majambazi wamerudi Nyasubi. Alipoinuka na kukung'uta unga kwenye magoti, alinilaumu mimi.

"Dada, ungetuambia kwanza."

Nilimwomba radhi, ingawa na mimi sikuwa nimeambiwa.

Mlango wenyewe ulikuwa wa banda la gari la mume wangu, ambaye wakati huo alikuwa anatimiza mwaka mmoja kaburini. Alikuwa dereva wa magari ya mizigo ya migodini, na kambi moja ya wazungu ilipovunjwa na vitu vyake kuuzwa, wenzake walinunua majokofu na magodoro. Yeye alirudi na mlango. Haukufunguka pembeni kama milango ya watu. Ulipanda juu na kwenda kulala chini ya paa, ukivutwa na springi mbili nene. Siku alipoufunga, mtaa mzima ulikuja kutazama, naye akaupandisha na kuushusha mara kumi na tatu. Nilihesabu kwa sababu chai ilikuwa inapoa.

Jumamosi ya wiki hiyo ilikuwa misa yake ya kumbukumbu, kwao Ushirombo. Ndani ya banda kulikuwa na pikapu yake, maboksi ya vigae vya kujengea kaburi, na msalaba wa zege wenye jina lake. Banda halikuwa na mlango mwingine, na dirisha alikuwa amelitia nondo kwa kuogopa wezi. Basi marehemu alikuwa amejifungia msalaba wake mwenyewe.

Fundi niliyeelekezwa alikuja mchana. Alikuwa mnene, mpole, na aliutazama mlango kwa muda mrefu kama daktari anayetafuta namna ya kusema. Akachungulia dirishani kwa tochi ya simu.

"Mama, nani aliuchomelea huu mlango mabati kwa ndani?"

"Baba wa humu ndani. Wezi."

"Aha. Basi ndiye aliyeiua springi. Ilitengenezwa kubeba mlango mwepesi, akaiongezea mzigo. Imejitahidi, maskini."

Nilimwambia asimseme vibaya marehemu. Akasema pole sana mama, hakujua. Lakini alikuwa amesema kweli. Nakumbuka siku ile ya kuchomelea nilimuuliza mume wangu kama mlango hautakuwa mzito, akanijibu kwamba mimi nimesoma mpaka la saba na mambo ya springi hayapo kwenye la saba. Yeye alisoma mpaka la saba pia.

"Bei gani?" nikauliza.

Fundi alitaja springi, inayotoka Dar. Akasema hainunuliwi moja, ni mbili, kwa sababu iliyobaki itaionea wivu mpya. Akataja usafiri, ufundi, na kitu alichokiita hatari.

"Hatari ni nini?"

"Hii kitu ikiruka, mama, inakata kichwa."

"Na kichwa kikikatika hiyo hela ya hatari apewe nani?"

Alifikiri. "Mke wangu," akasema.

Jumla ilikuwa laki nane na nusu. Mimi nilikuwa na laki tisa, za ng'ombe, mchele na soda za kumbukumbu. Na springi zingefika Jumanne. Nilimpa maji ya kunywa na hela ya bodaboda, nikamwambia nitafikiri. Kufikiri kwenyewe nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikiutazama mlango. Wakwe zangu ni watu wema, lakini hawawezi kula mlango.

Siku iliyofuata akafika shemeji yangu, mdogo wa marehemu, anayechimba dhahabu Mwakitolyo. Alikuja kuendesha pikapu mpaka Ushirombo. Ni mwembamba kama fito na mdomo wake hauna likizo. Nilipomweleza habari yote alicheka mpaka akashika ukuta.

"Laki nane na nusu! Shemeji, kule kwetu tunapandisha watu na mawe kutoka chini ya duara, shimo la futi mia na zaidi, kwa kamba na kapi. Sembuse kibati cha kaka?"

"Kibati hicho ndicho kimeua springi."

"Kaka alikuwa anapenda vitu vizito. Ndiyo maana alikuoa wewe."

Nilimtupia kandambili. Utani huo ni haki yake, na kwa kweli tangu msiba hakuna aliyekuwa amenitania. Watu walikuwa wananisemesha polepole kama mgonjwa.

Ijumaa asubuhi shemeji na vijana wa mtaani waliazima jeki ya lori, wakaunyanyua mlango mpaka usawa wa goti, wakauwekea matofali. Shemeji akapita chini kwa tumbo. Akafunga kapi kwenye boriti, akapitisha kamba, upande mmoja mlango, upande mwingine viroba viwili vitupu kwenye kulabu. Kisha akatuomba mawe. Nyuma ya nyumba kulikuwa na rundo lililobaki tulipojenga msingi, tukawa tunayapitisha chini ya mlango kwenye karai, naye anajaza. Viroba vikishuka mlango unapanda, ndiyo hesabu yote.

Ulipanda mpaka katikati ukagoma.

"Bado kidogo tu," akasema kutoka ndani. "Shemeji, kuna kitu chochote humu? Mawe yamekwisha."

Niliinama nikaingia. Tangu msiba sikuwa nimeingia humo zaidi ya mara mbili. Kwenye kona vilikuwepo viatu vya kazi vya mume wangu, vile vya chuma mbele, ambavyo kila Jumapili jioni alivipiga rangi kana kwamba gari haliwashwi bila viatu kung'aa. Vilikuwa na vumbi. Shemeji alivitazama, akanitazama mimi. Nikavifunga kamba zake pamoja nikampa. Akaviweka juu ya mawe.

Mlango ukapanda wenyewe, polepole, mpaka juu.

Sasa, fikiria alivyoona mtu wa barabarani: mchimbaji wa Mwakitolyo, banda la mjane, watu wanabeba mawe kwa karai na kuyaingiza kwa siri chini ya mlango, halafu viroba vinaning'inizwa ndani. Kufika saa nane kila aliyepita alisalimia huku shingo imenyooka kutazama bandani. Saa tisa akaja bwana mmoja mwenye shati jeupe, ananunua mawe ya dhahabu Kahama nzima.

"Mwadila, mama. Pole na kumbukumbu. Nasikia una mzigo."

"Sina mzigo. Ni mawe ya msingi."

Alitabasamu. "Wote huanza hivyo. Milioni moja, vyote viwili, bila kupima."

Nyuma yake shemeji alikuwa anakonyeza kwa macho yote mawili. Milioni moja! Springi mbili, hatari ya yule fundi, na chenji ya kurudishia bodaboda. Niliitamani, siwezi kusema sikuitamani. Lakini kesho yake nilikuwa naenda kusimama mbele ya kaburi.

"Baba, ni mawe ya msingi. Yanavuta mlango."

"Milioni moja na laki mbili."

"Nakwambia hayana kitu."

"Mama huyu anajua biashara," akamwambia shemeji. "Na nusu."

Nilichoka. Nikamwambia aingie ajionee. Shemeji akapiga kelele asikiguse kiroba, lakini yule bwana alishakikumbatia, akakichomoa kwenye kulabu. Mlango ukashuka kwa kishindo na kutufungia ndani sote watatu, pamoja na pikapu, vigae na msalaba. Nje nilimsikia muuza maandazi akijitupa chini tena.

Mwanga wa dirishani ulitosha. Bwana alipiga magoti, akafungua kiroba, akaingiza mkono, akatoa kiatu. Akaingiza tena, akatoa cha pili. Kisha jiwe, akalilamba, akatema mate.

"Hivi ni vya nani?"

"Vya marehemu."

Alivishika muda kidogo, hajui aviweke wapi. Kisha akavua kofia. Akatusaidia kurudisha kila kitu, yeye na shemeji wakivuta kamba mpaka shati jeupe likawa rangi ya udongo, na mlango ulipopanda alinipa elfu kumi ya rambirambi akaondoka bila kuaga vizuri.

Jumamosi tulifika Ushirombo mapema. Ng'ombe alilika, msalaba ulisimama. Baada ya misa mama mkwe aliketi karibu nami kwenye mkeka akauliza habari za nyumbani, na kama ule mlango wa mwanawe bado mzima. Ningeweza kusema unafunguka, na isingekuwa uongo. Lakini nusu ya kweli hunikaa kooni. Nikamweleza yote, kuanzia mabati mpaka viatu. Nilipofika kwenye jiwe kulambwa alifunika mdomo kwa kanga, mabega yakatikisika, na mimi nikajikuta nacheka mbele ya kaburi, mchana kweupe, wakwe wanatazama.

Alipofuta macho akauliza, "Na hivyo viatu, ulivipiga rangi kwanza?"

Sikuwa nimevipiga.

Jumapili jioni, nyumbani, nikaingia bandani na rangi na brashi, nikaviondoa juu ya mawe. Mlango ukateremka taratibu nyuma yangu mpaka chini. Nikakaa juu ya boksi tupu la vigae, nikaanza na cha kushoto. Haraka haikuwepo, bila vile viatu nisingeweza kutoka.