Hekalu Lililokaa Njia ya Kibla

Kafuri kwetu ni harufu ya maiti. Sijui kwenu nyinyi mliozaliwa hapa Maskati, lakini Unguja nilikozaliwa mimi, ukisikia kafuri imetoka nyumba ya jirani huulizi, unavaa buibui lako unakwenda kuwapa mkono wa tanzia. Kwa hivyo juzi binti yangu aliponipitisha Darsait, kwenye kiduka cha Mhindi anayeuza vijiti vya ubani na nyuzi na sufuria, harufu ile ikanipiga puani, binti yangu akaguna akasema, "Mama, twende zetu, pananuka kilio hapa." Mimi nikacheka. Mtu wa makamo yangu kucheka peke yake mbele ya duka si vizuri, lakini nilicheka, kwa sababu nilikumbuka kijiji kimoja cha Bara Hindi, kusini kabisa, ambako kafuri inachomwa kila jioni, na mimi mtoto wa kama miaka minane nilikuwa nikilia kila jioni nikidhani kafa mtu.

Niseme kwanza tulifikaje huko, maana sisi hatukuwa watu wa safari. Macho ya Mama yaliingia ukungu. Alianza kwa kukosea tundu la sindano, khalafu akawa anamimina chai nje ya kikombe, mwisho akawa ananijua kwa sauti tu. Madaktari wa mjini walimtia matone mpaka wakachoka wenyewe. Baba alikuwa akiuza vyakula melini, na melini alikuwako mpishi mmoja, Raju, Mhindi mweusi kama sisi, akisema Kiswahili cha jikoni. Raju ndiye aliyemwambia Baba kuwa kijijini kwao yuko tabibu wa macho, baba yake tabibu, babu yake tabibu. Baba akauza shamba la mikarafuu la urithi wake. Bibi, mama yake Mama, akasema hamwachi mwanawe akaguswe macho na mtu asiyemjua, akafunga mzigo wake. Tukaenda wanne, na Raju alikuwa likizo, akatupeleka mwenyewe. Meli, khalafu treni, khalafu gari la ng'ombe, na njia nzima Mama kanishika bega.

Kijiji kilikuwa cha mpunga na minazi, ukikitazama haraka ungesema Unguja, ila yale mahekalu. Hayakuwa moja wala mawili. Moja lilikuwa katikati ya mpunga, paa limeanguka, mbuzi wanalala ndani. Jingine limemezwa na mizizi ya mti mpaka hujui lipi jiwe lipi mti. Na lile kubwa, lenye mnara mrefu uliojaa sanamu za rangi kuanzia chini mpaka juu, na kasuku wa kijani wanatoka matundu ya mnara ule asubuhi kwa makelele kama watoto wa chuo walioachiwa. Yote ya mawe meusi, ya kale hata Raju ukimuuliza ya lini anatikisa mkono nyuma ya kichwa chake, yaani nyuma huko, nyuma.

Tabibu, aliyetupa chumba uani kwake, alikuwa mwembamba, kifua wazi, kajichora mistari ya majivu usoni. Alitafuna tambuu, na Bibi naye alitafuna tambuu, na hilo ndilo lililowapatanisha, maana lugha hawakuwa nayo. Dawa yake sijaiona tena popote. Alikanda unga wa choroko, akauzungusha jicho la Mama kama ukingo wa kisima, khalafu ndani yake akamimina samli ya dawa, vuguvugu, na Mama amelala chali anafumba na kufumbua ndani ya samli. Baadaye anafungwa kitambaa. Akasema kwa kinywa cha Raju: dawa hii mpaka mwisho. Ikikatizwa njiani, jicho linakwenda moja kwa moja, hata yeye halirudishi. Akasema tena mgonjwa akae penye ubaridi na kivuli, asilale mchana. Na penye ubaridi kijiji kile palikuwa mahali pamoja tu, kwenye kumbi za yale mahekalu ya kale.

Basi ndivyo tulivyokuwa, familia ya Kiislamu kutoka Malindi, Unguja, tunashinda mahekaluni. Kwenye yale yaliyokwisha achwa hakuna aliyetukataza. Tunavua viatu, sakafu baridi mpaka kwenye magoti, panatoka harufu ya popo na mafuta ya taa za zamani. Mama amefungwa macho, mimi namwongoza, anapapasa nguzo. "Hapa pana nini?" Ndovu, Mama. "Na huyu?" Mwanamke anacheza ngoma. "Kavaa nini?" Nami nikawa nanyamaza, kwa sababu hakuvaa kitu cha kutajika, na Mama anaelewa kunyamaza kwangu, anacheka mpaka anashika ubavu. Bibi nyuma yetu anasoma Ayatul Kursi, kila nguzo mara moja, na nguzo zilikuwa nyingi, maskini, koo likamkauka. "Mwanangu, nnakuomba, usiwapapase hawa." Mama anamjibu, "Mama, haya ni mawe tu. Tena ya baridi." Sikuwahi kumwona Mama na raha kama zile, na yeye haoni.

Lile kubwa halikuachwa, watu walikuwa wanaabudu, na tabibu alituambia ndani tusiingie. Tukikaa nje tu, upande wa mashariki, penye birika kubwa la mraba lenye ngazi za mawe pande zote nne. Nyumbani kwetu kila msikiti una birika, kwa hiyo hatukuona ajabu. Siku hiyo Mama alikuwa kachoka, tumechelewa kurudi, na alasiri inakimbia. Bibi akatazama watu wanashuka ngazi wananawa miguu na nyuso. "Si ndilo birika la udhu hili," akasema, akashuka. Akanawa mikono, akasukutua, akatema majini, akapandisha puani, akamaliza udhu wake wote pale kwa utulivu kama yuko msikiti wa Malindi. Khalafu akapanda juu, akatandika kanga yake, akaelekea kibla.

Sasa kijiji kile kibla ni magharibi. Baba aliitafuta kwa jua siku ya kwanza. Na mlango wa hekalu lile unatazama mashariki. Kwa hivyo Bibi alipofunga sala, mbele yake palikuwa na mnara, na chini ya mnara mlango, na mlangoni amesimama mhudumu wa hekalu mwenyewe na bakuli lake la shaba, mdomo wazi. Bibi akarukuu, Bibi akasujudu. Wanawake waliokuwa wakiteka maji wakaacha vyungu vinaelea. Nilimshika Mama mkono, akaniuliza kuna nini, nikamwambia, "Wanamtazama Bibi."

Bibi alipotoa salamu, tayari pamejaa watu. Tabibu kaja, Baba kaja mbio, Raju anatoka jasho. Wengine walikuwa wanafoka, wananyoosha vidole majini. Yale maji ndiyo wanayomwogeshea mungu wao, na Bibi katema mle. Lakini wengine, wazee hasa, walikuwa wanatabasamu. Raju akamwinamia Bibi.

"Bibi, sikia mimi. Wewe nyamaza tu. Maji, hii taabu. Lakini wao nafikiri wewe nasujudu kwa mungu yao. Mzuri sana! Mhudumu nasema mama mzee natoka mbali, napenda mungu yetu. Wewe nyamaza, kesho mama napata dawa, kwisha."

"Nani kamsujudia nani?"

"Bibi! Pole pole!"

 Baba yangu alikuwa mtu wa kuogopa fujo, akawa anamtazama tabibu, khalafu kitambaa cha macho ya Mama. Sote tulijua. Tukifukuzwa jioni ile, samli imekatizwa njiani. Na hata mimi mtoto nikaomba moyoni Bibi anyamaze. Bibi akageuka akamtazama mwanawe.  Nadhani angenyamaza, Mungu anisamehe nikikosea. Ni Mama aliyesema, ameketi pale ngazini, uso umeelekea pasipo na mtu.

"Mama, sema kweli. Macho kama ni yangu nitayapata. Usije ukakaa na neno hilo moyoni kwa ajili yangu."

Bibi akavuta pumzi. "Raju, waambie. Maji, waniwie radhi, sikujua, nilidhani ni ya udhu. Lakini huyo wao sikumsujudia. Nimemsujudia Mola wangu. Huyo kakaa tu njiani. Tena mimi nilielekea kidogo kulia."

Raju akafumba macho, akasema. Nilijua kasema yote kwa sababu tabasamu za wale wazee zilizimika moja moja.  Tabibu akauliza kitu. Raju akasema, "Nauliza, mungu yako wapi basi?" Bibi akamwonyesha kibla, akanyoosha mkono juu ya mnara, huko jua linakotua. Mbali? Mbali, ng'ambo ya bahari. Tabibu akatazama mkono ule, akatazama mnara, akaanza kucheka, mabega yanatikisika, akasema maneno marefu kwa mhudumu. Raju alitueleza baadaye: kasema bibi huyu yuko uani kwangu tangu alipofika anainama upande huu huu kila siku, na mnara haujaanguka. Mhudumu hakucheka. Alisema maji lazima yasafishwe, na bibi asiyaguse tena. Na yule aliyekuwa akifoka zaidi akauliza, na dawa? Tabibu akatema tambuu. "Macho ya binti," akasema, "hayakusukutua birikani."

Bibi alipoambiwa maji yanasafishwa kwa sababu yake aliumia. "Miye? Miye najisi?" Alikaa kanuna. Kesho yake akanishika mkono tukasimama ng'ambo ya njia kutazama. Walisoma, wakamwaga, wakasugua ngazi zile alizokanyaga, jiwe kwa jiwe, wakamwaga tena. Bibi akatazama mpaka mwisho, kanga mdomoni. Mwisho akasema, "Wanajua tohara, hawa," akarudi kula chakula chake.

Dawa ikaenda mpaka mwisho. Jicho la kushoto halikurudi. La kulia lilirudi, si lote, lakini lilirudi. Siku alipofunguliwa Mama alinitazama kwa kupindisha shingo kama kuku, akasema, "Ya Allah, ndio umekuwa mweusi hivi! Hukuvaa hata mtandio?" Baba akatoka nje akajificha nyuma ya ghala la mpunga, tukamsikia analia.

Jicho hilo moja ndilo alilokuja nalo Oman mambo ya Unguja yalipoharibika. Alilitumia kusoma Kurani, kukagua mchele, na kunikagua mimi. Mwaka huu macho yangu yamepata ukungu ule ule. Binti yangu kanipeleka Qurum, nimelala kitandani, kadaktari ka kike kutoka kule kule kusini ya India kakafanya kazi yake huku kanamsimulia muuguzi habari za arusi. Sikupata hata kumaliza dua. Mchana nilikuwa nyumbani Hail nnaona vumbi juu ya kabati ambalo nilikuwa nikidhani ni safi. Mjukuu ananiwekea simu kwenye msala, mshale unaonyesha kibla, hakuna kuulizana na jua.

Wajukuu wanaipenda hadithi ya Bibi, wanaitaka wakija Ijumaa, wanacheka pale pa "kidogo kulia". Nami nacheka nao. Lakini wakishaondoka huwa najiuliza, macho ya binti yangu yangekuwa yamefungwa kitambaa pale ngazini, na watu wale wanatabasamu, na neno moja tu linatosha kuyapoteza, ningesema nini? Mama alikuwa na moyo wa kusema vile, Bibi akawa na moyo wa kutii. Mimi nimesali miaka mingi kuliko Bibi, nimehiji mara mbili kwa ndege. Na nnajijua. Ningekunja kanga yangu, nikatabasamu nao.