Nusu Saa kwa Ndege

Ndege ndogo ikipita juu, popote nilipo, mdomo wangu hujaa ladha ya pipi ya mnanaa. Nimehama miji mingi, na hili halijanitoka.

Pipi ile alinipa mama kwenye uwanja wa ndege wa Pemba, mwaka aliofariki baba. Shangazi Salma, dada yake baba, alikuwa ananichukua nikaishi naye Songea, ambako mumewe aliuza mitumba. Mama alinifuta machozi kwa pindo la kanga. "Usilie, mwanangu. Nusu saa tu."

Alisema kweli, maana hadi Unguja ni nusu saa. Tulitua pipi bado imo mdomoni. Kisha ikaja meli, nikatapika mpaka nikalala. Halafu basi, nikalala tena mapajani mwa shangazi, nikizinduka kidogo kidogo: vumbi, baridi, misonobari, giza. Basi nilifika Songea nikiwa na kipimo kimoja tu kichwani. Mama alikuwa nusu saa kutoka pale nilipo.

Niliwaeleza hivyo wenzangu shuleni, wakanibandika jina. Kila ndege iliposikika, Gervas, mtoto wa jirani, alianza: "We Nusu Saa, mama yako huyo. Au leo kaishiwa mafuta?"

Nilicheka nao, kisha nikakimbilia uwanjani kutazama abiria. Walishuka mapadri, walishuka maofisa na mikoba yao. Nilirudi kwenye ugali na dagaa wa Nyasa, na shangazi hakuniuliza nilikotoka. Alinisogezea maji ya kunawa, akakaa kunitazama nikila.

Mwaka wa tatu mfanyabiashara mmoja alituletea habari kwamba mama yuko njiani, anakuja kunichukua. Nilivaa shati langu la Idi, nikaenda kumpokea uwanja wa ndege. Siku hiyo haikutua ndege yoyote; mbuzi walikula majani kandokando ya njia ya kurukia mpaka jua likapoa.

Niliporudi nilimkuta mama kaketi kwenye kigoda, miguu imevimba, kaitia ndani ya beseni la maji ya chumvi. Shangazi alikuwa akimkanda.

"Nimekutafuta stendi nzima," mama alisema. "Ulikuwa wapi?"

"Shikamoo, mama," nilijibu. Sikuelewa mtu wa nusu saa angechokaje namna ile.

Tuliondoka baada ya juma moja, na sijarudi tena. Shangazi alitusindikiza stendi alfajiri, kajitanda shuka juu ya buibui kwa baridi. Hakuwa na mtoto, na mumewe alilala safarini zaidi kuliko nyumbani. Alisogea dirishani.

"Safari hii usilale, baba. Itazame njia yote."

"Kwa nini, shangazi?"

"Ujue niliko."

Nilidhani ananipa kazi ya kunichangamsha. Nilikuwa mtu mzima, nimeshalala peke yangu katika vyumba vingi vya kupanga, nilipotambua kwamba katika nyumba ile mimi ndiye niliyekuwa na wa kumsubiri. Yeye hakuwa na yeyote aliyekuwa njiani.

Asubuhi ile nilitii tu. Niliegemeza paji la uso kwenye kioo, nikavitazama vilima vikija kimoja baada ya kingine, na kila tulichokipanda kikamwacha mbali zaidi.